Kiolezo kimoja, kurasa elfu: Namna ya kujenga tovuti bila kurudia kazi

Na Mwandishi Wetu

KATIKA chumba cha habari cha gazeti lolote, msanifu kurasa haanzi kazi ya kila usiku kwa kuchora upya kichwa cha gazeti. Jina la gazeti, mstari wa tarehe, idadi ya safu, ukubwa wa herufi na mahali pa namba ya ukurasa vimekwisha kuamuliwa siku nyingi. Kazi yake ni kuingiza habari na picha za siku hiyo ndani ya umbo lililokwisha kuandaliwa.

Umbo la namna hiyo huitwa kiolezo. Fundi cherehani anacho cha kwake cha karatasi, mfyatua matofali ana kalibu yake, na watengenezaji wa tovuti nao wana vyao.

Hata hivyo, wengi wanaoagiza kutengenezewa tovuti, na hata baadhi ya wanaozitengeneza, hawalitilii maanani jambo hili. Matokeo yake ni tovuti zinazopendeza siku ya uzinduzi, lakini baada ya mwaka mmoja ukurasa huu una namba moja ya simu na ule una nyingine, na menyu ya ukurasa mmoja haifanani na ya jirani yake.

Makala haya yanaeleza violezo vya kurasa ni nini, vilitokana na tatizo gani, vinafanyaje kazi, na ni wapi vinaweza kumponza anayevitumia bila uangalifu.

Gharama ya kunakili

Ukurasa wa wavuti ni maandishi yaliyopangwa kwa lugha ya HTML, ambayo Tim Berners-Lee aliibuni alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lugha hiyo hukiambia kivinjari kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, na hiki ni kiungo cha kwenda ukurasa mwingine.

HTML yenyewe haina amri nyepesi ya kusema: "Hapa weka menyu ileile iliyo katika kurasa nyingine zote." Kwa sababu hiyo, mtu anayejifunza kutengeneza tovuti huanza kwa njia iliyo karibu zaidi, nayo ni kunakili. Humaliza ukurasa wa kwanza, huunakili, hufuta habari ya katikati na kuandika nyingine.

Tuchukulie mfano wa shule yenye tovuti ya kurasa 120. Chini ya kila ukurasa pameandikwa anwani, namba ya simu na namba ya akaunti ya benki ya kulipia karo. Siku shule ikibadili benki, mtunza tovuti hulazimika kufungua mafaili 120, moja baada ya jingine. Akitumia dakika 3 kwa kila faili, kazi hiyo itamchukua saa 6.

Saa 6 zinavumilika. Balaa huanza pale anapofanikiwa kurekebisha kurasa 119 na kuusahau mmoja. Mzazi atakayeufungua ukurasa huo atapeleka fedha katika akaunti ya zamani, na hakuna kitu chochote katika ukurasa huo kitakachomwonya kwamba maelezo yake yamepitwa na wakati.

Mwaka 1999, Andrew Hunt na David Thomas walichapisha kitabu kiitwacho The Pragmatic Programmer, ambamo walitoa kanuni inayofahamika kwa kifupi kama "usijirudie". Maana yake ni kwamba kila jambo ambalo mfumo unapaswa kulijua liwe na makao mamoja tu. Akaunti ya shule ikiandikwa mahali 120, mfumo una majibu 120 kwa swali moja, na siku yatakapotofautiana hakuna wa kuamua lipi ni sahihi.

Sehemu moja ya tatizo hilo ilipatiwa ufumbuzi mapema. Mwaka 1994, Håkon Wium Lie alipendekeza lugha ya kueleza mwonekano wa kurasa, CSS, ambayo toleo lake la kwanza lilipitishwa rasmi Desemba 1996. Kwa lugha hiyo, rangi na aina ya herufi za tovuti nzima huwekwa katika faili moja. Lakini CSS hushughulikia sura ya ukurasa tu. Menyu, anwani na namba ya akaunti viliendelea kurudiwa katika kila ukurasa.

Majaribio ya mwanzo

Katikati ya miaka ya 1990, kivinjari cha Netscape kilileta fremu. Dirisha liligawanywa vipande, menyu ikakaa upande mmoja bila kubadilika, na habari zikawa zinabadilika upande wa pili. Menyu iliandikwa mara moja tu.

Fremu zilizaa matatizo mengine. Anwani iliyoonekana juu ya kivinjari ilibaki ileile hata msomaji alipohamia ukurasa mwingine, hivyo hakuweza kumtumia mwenzake kiungo cha habari aliyokuwa akiisoma. Kuchapisha ukurasa kwenye karatasi kulileta utata, na injini za utafutaji ziliwapeleka watu kwenye kipande kisicho na menyu. Fremu za aina hiyo ziliondolewa katika HTML5, iliyoidhinishwa mwaka 2014.

Njia ya pili ilikuwa kuiachia seva kazi ya kuunganisha. Mtengenezaji aliweka sehemu ya juu ya ukurasa katika faili moja na sehemu ya chini katika faili jingine, kisha kila ukurasa ukabeba maagizo mawili: mwanzoni ingiza faili la juu, mwishoni ingiza faili la chini. Lugha ya PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa kwa umma mwaka 1995, iliifanya njia hii kuenea sana, kwa kuwa ilikuwa rahisi kujifunza na ilipatikana katika huduma nyingi za bei nafuu za kuhifadhi tovuti.

Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Shule yetu ya mfano ingebadili akaunti katika faili moja la chini, na kurasa zote 120 zingefuata.

Kasoro yake ni kwamba umbo la ukurasa lilikatwa vipande viwili visivyojitegemea. Jedwali au kisanduku kilifunguliwa katika faili la juu na kufungwa katika faili la chini, kwa hiyo hapakuwa na mahali ambapo mtu angeliona umbo zima kwa pamoja. Aidha, kila ukurasa ulibeba jukumu la kukumbuka vipande vyote kwa mpangilio sahihi. Ikiamuliwa kuongeza safu ya tatu pembeni, mtunza tovuti alirudi kulekule, kufungua kurasa 120 na kuongeza agizo jipya katika kila mmoja.

Somo kutoka gazeti la Kansas

Mojawapo ya majibu yaliyo bora zaidi lilitoka katika chumba cha habari. Katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani, watayarishaji programu Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakihudumia tovuti za gazeti la Lawrence Journal-World. Wahariri walitaka sehemu mpya za tovuti ziwe tayari ndani ya siku chache, na wakati mwingine ndani ya saa chache.

Kuanzia mwaka 2003 walijenga mfumo wa kuwawezesha kufanya kazi kwa kasi hiyo bila kurudia yaleyale. Julai 2005 mfumo huo ulitolewa kwa umma bila malipo, ukapewa jina la Django, kwa heshima ya mpiga gitaa Django Reinhardt.

Katika Django, mpangilio wa awali uligeuzwa. Badala ya kila ukurasa kuita vipande vya umbo, umbo zima huandikwa katika faili moja, ambalo tunaweza kuliita kiolezo mama. Ndani yake huachwa nafasi zenye majina, kwa mfano "kichwa", "habari" na "pembeni". Kila nafasi inaweza kuwa na maudhui ya kawaida, au ikaachwa tupu.

Ukurasa wa kawaida huandikwa kama kiolezo mtoto. Mstari wake wa kwanza hutaja mama yake ni nani, kisha hujaza zile nafasi tu anazotaka kuzibadilisha. Nafasi asiyoigusa hubaki kama mama alivyoiacha, na kila kilicho nje ya nafasi hizo hurithiwa kama kilivyo.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana mara ya kwanza. Umbo la tovuti linaonekana lote katika faili moja. Mtoto hahitaji kujua ukurasa una safu ngapi wala menyu imekaa wapi. Safu ya tatu ikiongezwa kwa mama, watoto wote huipata siku hiyohiyo bila kuguswa.

Urithi huu unaweza kwenda ngazi zaidi ya moja, na waandishi wa mwongozo wa Django hupendekeza ngazi tatu. Kwa tovuti ya gazeti, ngazi ya kwanza ni kiolezo cha tovuti nzima. Ya pili ni kiolezo cha kila kitengo, kama michezo, biashara au burudani, ambacho huongeza menyu ndogo ya kitengo hicho. Ya tatu ni kiolezo cha ukurasa wenyewe, kwa mfano ule wa matokeo ya mechi. Msomaji wa matokeo huona sura ya gazeti, menyu ya michezo na jedwali la mabao kwa pamoja, ingawa kila kimoja kimeandikwa mahali pake.

Wazo hilo halikuwa la Django peke yake. Ruby on Rails, ya David Heinemeier Hansson, iliyotoka mwaka 2004, ina faili la umbo lenye nafasi ambamo ukurasa huingizwa. Microsoft ilileta kurasa kuu katika ASP.NET 2.0 mwaka 2005. Mwaka huohuo, toleo la 1.5 la WordPress lilileta mfumo wa mandhari, ambapo sura ya tovuti hubadilishwa bila kugusa makala zilizomo. Jinja2 ya mwaka 2008 na Blade, inayotumika katika Laravel tangu mwaka 2011, zinafuata njia ya urithi iliyoelezwa hapo juu.

Fremu na vipande

Mbali na umbo la jumla, kurasa hurudia pia vitu vidogo vya katikati. Kisanduku chenye picha, kichwa cha habari na tarehe huonekana mara 10 katika ukurasa wa mwanzo, kisha huonekana tena katika matokeo ya utafutaji na chini ya kila habari. Hiki nacho hakina sababu ya kuandikwa zaidi ya mara moja.

Kanuni ya kutofautisha ni nyepesi. Kinachouzunguka ukurasa kiwekwe katika kiolezo mama, na kinachojirudia ndani ya ukurasa kiwekwe katika kipande kinachoitwa kwa jina lake na kupewa taarifa za kuonyesha. Mfumo wa React, uliotolewa na Facebook mwaka 2013, ulilipeleka wazo hili la vipande mbali zaidi, kwa kulihamishia ndani ya kivinjari na kuujenga ukurasa mzima kwa vipande vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine.

Inafaa kuondoa dhana moja potofu. Kiolezo hupunguza kazi ya mtunza tovuti, lakini peke yake hakipunguzi gharama ya intaneti kwa msomaji. Seva hutumia kiolezo kuunda ukurasa kamili, kisha huutuma wote kwa kila anayeuomba. Kinachomwokolea msomaji fedha ni mafaili ya pamoja, kama yale ya CSS na nembo, ambayo kivinjari huyahifadhi baada ya ziara ya kwanza. Tovuti yenye umbo moja hunufaika hapo, kwa sababu kurasa zake zote hutumia mafaili yaleyale.

Kosa moja, kurasa zote

Nguvu ya kiolezo mama ndiyo hatari yake. Mabadiliko sahihi hufika kila mahali kwa dakika moja, na makosa nayo hufika kwa kasi hiyohiyo. Alama moja iliyosahauliwa katika faili hilo inaweza kuivuruga tovuti nzima, pamoja na ukurasa wa malipo ambao hakuna aliyekusudia kuugusa.

Kwa hiyo, kiolezo mama kibadilishwe kwanza katika nakala ya majaribio, na kikaguliwe kwa kufungua ukurasa mmoja wa kila aina. Historia ya mabadiliko ihifadhiwe kwa chombo kama Git, ili toleo la jana liweze kurudishwa mara moja hitilafu inapotokea.

Hatari ya pili huingia polepole. Kurasa mbili zinafanana, zikawekewa kiolezo kimoja. Baadaye mmoja unahitaji tangazo juu, likaongezwa sharti: kama ni ukurasa huu, onyesha tangazo. Wiki inayofuata linaongezwa sharti jingine. Baada ya miaka miwili kiolezo kina masharti 30, na hakuna anayethubutu kukigusa kwa kuogopa kuharibu asichokijua.

Kufanana kwa leo si uthibitisho wa kufanana kwa kesho. Watayarishaji programu wengi hufuata kanuni ya mara tatu: mara ya kwanza andika, mara ya pili vumilia kurudia, mara ya tatu tengeneza kiolezo. Na pale kiolezo kinapojaa masharti, kigawanywe viwili bila kuona haya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mlinzi wa mlango

Kiolezo ni mahali pa mwisho ambapo maneno hupita kabla ya kumfikia msomaji. Maneno hayo mara nyingi yameandikwa na watu wasiojulikana: maoni, majina, maelezo ya bidhaa. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika amri za kompyuta mahali pa jina lake, na kivinjari cha msomaji kikazitekeleza.

Oktoba 2005, Samy Kamkar, kijana wa Marekani aliyekuwa na umri wa miaka 19, aliweka amri za aina hiyo katika ukurasa wake wa MySpace. Kila aliyeutembelea aliongezwa kuwa rafiki yake, na amri zikajinakili katika ukurasa wa mgeni huyo. Ndani ya saa 20 zilikuwa zimewafikia watu zaidi ya milioni 1.

Kinga yake ni kuzigeuza alama maalumu za HTML ziwe herufi za kawaida kabla ya kuzionyesha. Mtengenezaji akitegemea kumbukumbu yake kufanya hivyo katika kila ukurasa, ipo siku atasahau. Ndiyo maana Django, kuanzia toleo la 1.0 la mwaka 2008, hufanya kazi hiyo yenyewe katika kila kiolezo, isipokuwa pale inapoagizwa waziwazi isifanye. Ulinzi nao umewekwa mahali pamoja.

Kiswahili hakiingii katika kila kalibu

Tovuti nyingi za Afrika Mashariki huhitaji kusomeka kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kosa la kawaida ni kunakili tovuti nzima na kuitafsiri nakala hiyo, jambo linaloturudisha kwenye kurasa 120, sasa zikiwa 240. Njia sahihi ni umbo moja, na maneno ya kila lugha yakae katika faili lake nje ya kiolezo.

Hapa ndipo lugha yetu inapodai uangalifu wa pekee. Mtengenezaji anayefikiri kwa Kiingereza huandika kiolezo cha ujumbe chenye nafasi ya nomino, kisha neno moja lisilobadilika la kusema kwamba kitu kimefutwa. Kwa Kiingereza sentensi hiyo hufaa kwa picha, kitabu au faili bila tatizo.

Kwa Kiswahili haiwezekani, kwa sababu kitenzi hufuata ngeli ya nomino. Picha imefutwa, kitabu kimefutwa, faili limefutwa, ujumbe umefutwa. Zikiwa nyingi, kitabu kimefutwa huwa vitabu vimefutwa. Kiolezo chenye neno moja lililogandishwa kitatoa "kitabu imefutwa", na msomaji atajua papo hapo kwamba tovuti hiyo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Dawa yake ni kutoiunganisha sentensi kutokana na vipande. Kwa kila aina ya kitu, iandikwe sentensi kamili ya umoja na sentensi kamili ya wingi, katika faili la maneno ya Kiswahili. Huko ni kurudia kwa kiasi fulani, lakini ni kurudia kwa halali, kwa kuwa sentensi hizo kwa hakika ni tofauti. Fani ya violezo inahitaji kutambua kipi ni kilekile na kipi kinafanana tu.

Vilevile, visanduku vya vitufe visipimwe kwa urefu wa neno la Kiingereza, kwani tafsiri inaweza kuwa ndefu zaidi. Na kiolezo kitaje lugha ya ukurasa, ambayo kwa Kiswahili hutambulishwa kwa herufi "sw", ili programu zinazowasomea wasioona zitambue ni matamshi ya lugha gani yanayohitajika.

Swali la kuuliza

Anayeagiza tovuti kwa ajili ya duka, shule, msikiti, kanisa au chama cha ushirika hahitaji kujua PHP wala Django. Lakini ana haki ya kumuuliza fundi swali moja kabla ya kulipa: "Namba yetu ya simu ikibadilika, utairekebisha mahali pangapi?"

Akijibu kwamba atapitia kurasa zote, mteja ajue kwamba gharama ya kweli ya tovuti hiyo bado hajaambiwa. Ataanza kuilipa siku ya mabadiliko ya kwanza, na wateja wake watailipa pamoja naye kwa kupiga namba isiyopatikana.

Jibu linalofaa ni moja: mahali pamoja. Akilipata hilo, aombe aonyeshwe. Namba ibadilishwe mbele yake katika nakala ya majaribio, kisha afungue mwenyewe kurasa tatu au nne na kuhakikisha kwamba zote zimefuata.